Rola Isisimame

Kila Jumapili saa kumi alasiri Mama aliweka simu ndani ya bakuli tupu la bati ili sauti ipande, akalisogeza bakuli katikati ya meza, kisha akamnyamazisha kila aliyekuwa sebuleni, mgeni na mwenyeji. Hapo Kasuku alisikika kutoka ng'ambo, katika sauti aliyoirekodi na kuituma. Kwanza kwa Kiswahili: shikamoo Mama, mguu unaendeleaje, nisalimie wote wanaoniulizia. Halafu, kwa kuwa Mama mwenyewe ndiye aliyeagiza iwe hivyo, dakika moja nzima kwa lugha ya kule alikokwenda kuisomea.

Hakuna mgeni aliyeelewa neno. Walitikisa vichwa tu, kama watu walioonjeshwa kitu kitamu.

"Sikia hiyo! Maji! Mtoto anaongea kama maji ya bomba!"

"Na huyu si ndiye aliyekuwa akiiga kengele ya shule mpaka wenzake wanatoka darasani?"

"Ndiye," alisema Mama. "Kasuku wangu. Mungu alinigawia sawasawa: binti mmoja akampa ulimi, mwingine akampa mikono."

Huyo mwenye mikono alikuwa amekaa karibu na mlango, akifunga upya waya wa pasi. Alikuwa na miaka thelathini na sita, kumi zaidi ya mdogo wake. Kiwandani walimwita Bisibisi, kwa sababu ya bisibisi aliyoichomeka kwenye nywele kila alipohitaji mikono miwili, na jina likamfuata hadi nyumbani. Jambo ambalo sebule ile haikulijua ni kwamba dakika ile ya kilugha yeye aliielewa. Au tuseme aliikagua. Mkaguzi wa shuka hatazami maua, hutafuta matundu. Jumapili hiyo alihesabu makosa matatu, akakaza skrubu ya mwisho, akasema pasi imepona.

Lugha hiyo aliipata kabatini. Kiwanda alichofanyia kazi kilifua na kupiga pasi shuka za hospitali na za nyumba za wageni, na mashine zake zote zilitoka nchi moja, kila moja na kijitabu chake cha maelekezo. Vijitabu vilikaa katika kabati la chuma, havisomwi na mtu. Mwaka wake wa kwanza kazini, mashine ya kukamulia ilipogoma kwa siku mbili, Bisibisi aliazima kamusi, akakaa chini na kijitabu, akatafuta neno baada ya neno mpaka akaipata sababu. Tangu siku hiyo hakuacha. Baada ya miaka minane alikuwa amevisoma vyote, vingine mara tatu. Alijua namna tano za kusema "kaza" katika lugha ile, na hakujua hata moja ya kusema "pole".

Nyumbani alimfundisha mdogo wake kwa vijitabu hivyo hivyo, jikoni, huku mchele ukichambuliwa. Kasuku aliyachukua maneno, akayaongezea nyimbo za redioni, akawa anayaimba.

Kisha likaja tangazo la nafasi ya masomo, na dada wawili wakaenda kufanya mtihani pamoja. Nafasi ilikuwa moja. Mtihani wa kuandika, Bisibisi alipata tisini na moja, Kasuku sabini na nane. Karatasi ya matokeo aliihifadhi, na namba haziongopi. Lakini kulikuwa na mtihani wa kuzungumza. Watahini watatu walimwomba aeleze habari za familia yake. Bisibisi alifungua kinywa, na kwa kuwa lugha yote aliyoijua ilikuwa ya mashine, akawajibu kwa lugha ya mashine:

"Familia ina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni mama. Mama yuko juu."

Mtahini wa kwanza alijifunika uso kwa karatasi. Wa pili hata karatasi hakuitafuta. Alicheka mpaka akavua miwani. Kasuku naye aliwachekesha, alipoingia, lakini kuchekesha na kuchekwa si ndugu. Kasuku akapanda ndege. Bisibisi akarudi kwenye mashine zake na akajiapiza kwamba mtu hatamsikia tena akiitamka lugha ile. Kiapo hicho alikitimiza kwa miaka minne bila taabu, maana hakuna aliyemwuliza.

*

Mwaka wa nne wa masomo Kasuku alikuja likizo ya wiki tatu. Wiki hizo hizo kiwanda kilipokea mashine mpya ya kupigia pasi: rola ndefu kuliko kitanda, yenye unene wa pipa, iliyozungushiwa kitambaa kizito ambacho wafanyakazi walikiita blanketi. Rola huzunguka juu ya bati lenye moto mkali, shuka mbichi ikaingia upande huu ikatoka upande wa pili imenyooka na kavu. Waliotengeneza mashine walimtuma mtaalamu wa kuifunga, mtu mrefu, mpole, asiyejua Kiswahili zaidi ya "asante". Angekaa siku mbili.

"Mkalimani tunaye," Mama alimwambia Meneja wa kiwanda kwa simu, bila kumwuliza mwenye ulimi wala mwenye mikono. "Amelala hapa chumbani. Nikuamshie?"

Basi asubuhi ya kwanza Kasuku aliingia kiwandani kwa viatu vyeupe. Wanawake wa kukunja shuka waliacha meza zao kumtazama. Mtaalamu alisema jambo, Kasuku akajibu kwa namna ambayo mtaalamu aliangua kicheko na kumpa mkono mara ya pili. Bisibisi alikuwa amepiga magoti chini ya mashine, na spana mkononi. Kutoka pale aliona viatu vyeupe tu, na vumbi likiviogopa.

"Fundi, huyu si mdogo wako?" aliuliza Mama Mikunjo, mzee wa meza ya kukunja, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Wewe ulikuwa wapi ulimi ukigawiwa?"

"Nilikuwa kazini," alisema Bisibisi.

Kabla ya kuwasha mashine, mtaalamu alitoa taarifa. Alisema kiwanda chao huchukua fundi mmoja kutoka kwa wateja wapya, kwa mafunzo ya miezi sita kule kule. Sharti ni moja: awe anasoma lugha yao, maana masomo hayatafsiriwi. Jina angeliandika kwenye ripoti kesho, kabla ya kuondoka. Bisibisi alikwisha kuelewa yote wakati Kasuku bado anavuta pumzi ya kutafsiri. Spana ilimlowa jasho mkononi.

Kasuku alitafsiri, halafu akageuka. "Dada..." alianza.

Bisibisi alimpiga jicho. Lilikuwa jicho lile lile la jikoni, la kusema funga mdomo kuna wageni. Kasuku akafunga.

"Mwambie hapa hakuna," Meneja alisema, akicheka. Alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha yake ilitangulia mbele ya kila jambo. "Mwambie hapa tunasoma lebo za shuka, basi."

Watu wakacheka. Kasuku alitafsiri lebo za shuka, na mtaalamu akatabasamu kwa adabu. Na Bisibisi, aliyekuwa amemzuia mdogo wake kwa jicho, sasa alimchukia kwa sababu alizuilika. Angekuwa na nia njema, aliwaza, angesema tu. Kapata nafasi moja, na hii nyingine hataki hata kuinusisha kwa mwenzake. Hesabu haikuwa sahihi na alijua haikuwa sahihi, lakini wivu hauombi stakabadhi.

Akaamua. Kesho, wakati wa ripoti, angesimama mwenyewe na kusema sentensi moja aliyoipanga vizuri, isiyo na sehemu ya kwanza wala ya pili. Leo angekaa kimya. Leo ilikuwa siku ya viatu vyeupe.

*

Saa tano mashine ilikuwa ya moto na shuka zinatoka kama karatasi mpya. Mtaalamu akaanza maelekezo ya mwisho wa kazi. Alisimama upande wa swichi na kusema polepole, kidole kimoja kimeinuliwa: kata joto kwanza. Rola isisimame. Iache izunguke tupu, dakika arobaini, mpaka mshale wa joto ushuke chini ya themanini. Ndipo uizime.

Bisibisi aliyajua maneno hayo. Yalikuwa ukurasa wa kumi na saba wa kijitabu kipya, ndani ya mraba mwekundu. Alijua na sababu yake: rola ikisimama huku bati likiwa la moto, blanketi hubaki limegusa mahali pamoja, na mahali hapo huungua. Tena alijua kwamba hakuna mtu kiwandani ambaye angelikisia. Mashine yao ya zamani ilikuwa na kitufe chekundu kimoja tu. Mwisho wa kazi unakibonyeza, kila kitu kinasimama, unakwenda zako. Kwa miaka ishirini kitufe chekundu kilikuwa ndiyo desturi ya nyumba.

"Anasema mwisho wa kazi mnakata joto kwanza..." alianza Kasuku.

"Mwambie sisi kazi yetu haina mwisho!" Meneja alidakia. "Hospitali wanaugua usiku na mchana!"

Kicheko kikapanda. Mtaalamu alimtazama Kasuku, akitaka kujua kinachochekesha. Kasuku akamtafsiria mzaha, na kwa kilugha mzaha ulipendeza zaidi. Mtaalamu akacheka kwa moyo safi, akahamia jambo lililofuata, namna ya kufuta bati kwa nta. Kasuku akahamia pamoja naye. Rola na dakika zake arobaini zikabaki nyuma, hazina mtu.

Bisibisi alikuwa ameinua kichwa tangu mdogo wake alipotaja joto. Alingoja. Aliona mdogo wake akiendelea na nta kwa sauti nzuri, iliyopangika, na watu wakimsikiliza midomo wazi. Hakuhitaji hata kukivunja kiapo. Ilitosha kusema kwa Kiswahili: na rola je? Maneno matatu.

Ameruka, aliwaza. Bingwa ameruka. Na moyo wake, nasema ukweli wake kama ulivyokuwa, ulipata raha. Ilikuwa raha ndogo na kavu, kama kukuta tundu katika shuka iliyosifiwa. Kesho mtaalamu atauliza kama wameelewa namna ya kuzima, na hawatajua, na ataona nani hakufikisha. Kisha nitasimama mimi. Akainama, akakaza nati ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

Alipiga hesabu kwamba mashine haitazimwa kabla ya jioni, na jioni mtaalamu atakuwepo. Hakuhesabu tumbo la Meneja. Ilipofika saa saba kamili, mtaalamu akiwa nje anakagua bomba la mvuke na Kasuku nyuma yake, Meneja alipiga makofi.

"Chakula! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Zima hiyo tukale."

Akakata joto kwanza, kama alivyosikia. Halafu mkono wake ukaenda kwenye kitufe chekundu, kwa mazoea ya miaka ishirini.

Kati ya Bisibisi na mkono ule palikuwa na hatua tatu. Angeweza kuzitembea. Angeweza kusema "ngoja", neno ambalo alilisema kiwandani mara mia kwa siku. Alitazama mshale wa joto: mia na sabini. Alitazama mkono. Mkono ukabonyeza, rola ikazunguka robo ya mwisho, ikatulia juu ya bati.

"Fundi, huli?" Mama Mikunjo alimwita.

"Nakuja," alisema.

Walirudi saa saba na dakika arobaini. Ilikuwa muda ule ule, dakika kwa dakika, ambao rola ilitakiwa kuzunguka. Harufu iliwapokea mlangoni. Walipoigeuza rola kwa mkono, blanketi jipya lilikuwa na utepe wa kahawia mpana kama kiganja, toka mwanzo hadi mwisho, na katikati ya utepe kitambaa kilikuwa kimekauka na kuvunjika kama jani. Mtaalamu alikigusa kwa kidole, kidole kikapita.

Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja, na Kasuku akalitafsiri.

"Anauliza nani ameisimamisha rola." Kisha, bila kungoja jibu, akamgeukia mtaalamu na kumjibu yeye mwenyewe, kwa lugha ile, na sauti haikuwa na nyimbo za redioni tena. Halafu akawageukia wengine. "Nimemwambia ni mimi. Aliniambia rola isisimame, na mimi sikuwafikishia. Meneja hana kosa."

"Makubwa!" alisema Meneja, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha. "Miaka minne ng'ambo, uje utuunguzie blanketi?"

Bisibisi aliingoja raha yake. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa rahisi kiasi kwamba alishangaa hakuipiga mapema. Kesho akisimama kusema najua lugha hii, kila mwenye akili ya kutoa na kujumlisha atauliza: basi saa tano ulikuwa wapi? Waliokuwa wakimsikiliza Kasuku walikuwa watu tisa. Wanane hawakuelewa.

*

Jioni, kabla ya chakula, walikuwa jikoni wawili. Kasuku aliosha, Bisibisi alifuta. Mama alikuwa sebuleni akieleza kwa simu kwamba mitambo ya siku hizi haina uvumilivu.

"Uliinua kichwa, Dada," alisema Kasuku.

"Nilikuwa nakaza nati."

"Uliinua kichwa niliposema mnakata joto kwanza. Ukangoja niendelee. Sikuendelea. Ukainama." Alisuuza sahani. "Mkalimani hutazama nyuso. Ndiyo nusu ya kazi. Niliona uso wako, nikajiuliza kuna nini, mtaalamu akaanza habari za nta, nikasahau. Nimekumbuka baada ya harufu."

"Kazi yako ni kusema. Yangu ni kukaza."

"Sawa. Sijakutaja na sitakutaja. Nataka kujua tu. Ulitaka nini?"

Bisibisi alifuta sahani pande zote mbili. Hakuwa mtu wa kuongopa; alikuwa mtu wa kunyamaza, na siku hiyo alikuwa ameanza kuona kwamba tofauti si kubwa.

"Nilitaka waone kwamba na wewe unakosea."

Kasuku alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Hilo tu? Ungeniuliza, ningewatangazia kwa kipaza sauti. Karatasi zangu zinarudi na wino mwekundu kama mtu alichinjia kuku juu yake. Miaka minne, Dada, sijawahi kupata tisini na moja. Nakuambia kila Jumapili."

"Unaniambia mimi? Unamwambia Mama mguu unaendeleaje."

Kasuku alimtazama kwa muda, maji yakidondoka kwenye vidole vyake. Kisha akageukia sufuria. "Basi," alisema. "Nipe ile sponji."

"Na kwa nini hukunitaja asubuhi? Nafasi ilipotangazwa?"

"Kwa jicho lile? Nina miaka ishirini na sita na jicho lile bado linanitoa mkojo."

Bisibisi alitaka kucheka, akajizuia.

*

Siku ya pili mtaalamu alifunga kazi kwenye meza ya kukunja shuka, akaweka fomu ya ripoti mbele yake. Wote walikuwepo. Alisema fomu ina sehemu mbili zilizobaki: chanzo cha hitilafu, na jina la fundi wa mafunzo. Nakala moja ingebaki hapa, moja ingekwenda makao makuu, na moja ingekaa kwenye jalada la mashine maisha yake yote. Kasuku alitafsiri kila kitu, neno kwa neno, taratibu, hata koma. Meneja alipotaka kudakia, alimnyooshea kiganja.

"Anauliza mara ya mwisho. Kuna fundi hapa anayesoma lugha yao?"

Hakumtazama dada yake. Alitazama ukuta.

"Hakuna," alisema Meneja. "Jana si tulimwambia?"

Kasuku alingoja, kisha akalitafsiri jibu. Mtaalamu akachora mstari katika nafasi ya fundi. Akahamia kwenye chanzo cha hitilafu, akaandika neno la kwanza, "Mkalimani", kwa herufi kubwa safi, na akainua macho kumwuliza Kasuku jina lake kamili liandikwe vipi.

Bisibisi aliitazama kalamu. Alikuwa amejiandaa kuona aibu, na aibu ilikuwepo mahali pake. Lakini kilichomchoma kilikuwa kitu kingine, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kujidanganya, alikitambua. Lugha ile aliitoa yeye kabatini. Blanketi aliliunguza yeye, kwa kimya chake mwenyewe. Na sasa hata lawama, kwa lugha ile, kwenye karatasi itakayoishi kuliko mashine, anaandikiwa Kasuku.

"Simama," alisema, kwa lugha ya kule. "Kabla ya kuandika, hakikisha taarifa ni sahihi."

Kalamu ikasimama. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu wa jirani: nene, bapa, isiyo na wimbo. Alijua inasikika kama ukurasa. Akaendelea, maana ukurasa huendelea.

"Fundi alikuwepo. Fundi alisikia. Fundi alielewa. Fundi hakusema. Sababu ya hitilafu: fundi."

Alijiandaa kwa kicheko. Mtaalamu hakucheka. Alimwuliza amejifunza wapi, na Bisibisi, kwa kukosa neno la kabati, alilinyooshea kidole. Mtaalamu alilitazama kabati la chuma kwa kitambo, kisha akamtazama yeye, na usoni mwake palipita kitu kilichofanana na masikitiko ya mtu aliyekuta kifaa kizuri kimehifadhiwa penye maji.

"Amesema nini? Amesema nini?" wanawake walimvuta Kasuku.

"Semeni naye mwenyewe," alisema Kasuku. "Kiswahili anakijua."

Bisibisi akasema tena, kwa Kiswahili, sentensi zile zile tano. Hapakuwa na mtu wa kuzipamba.

"Mama yangu!" Mama Mikunjo alishika kiuno. "Kumbe ulimi ulikuwepo! Tena mrefu! Na umeukalia kama kuku juu ya yai viza?"

Mtaalamu alifuta neno "Mkalimani", akaandika upya. Mstari katika nafasi ya mafunzo hakuufuta. Alipomaliza, alimgeuzia Bisibisi fomu ili asome na kutia sahihi. Bisibisi alisoma. Ilisema kwamba fundi mkuu alielewa maelekezo na hakuyafikisha. Sentensi ilikuwa sahihi, haina kosa hata moja, na jina lake kamili lilikuwa ndani yake. Akatia sahihi.

Meneja alimpa likizo ya wiki mbili ambayo hakuiomba.

*

Jumapili ya pili baada ya Kasuku kuondoka, Mama aliweka simu ndani ya bakuli. Wageni walikuwa wawili tu. Kasuku akasalimu, akauliza mguu, akaingia katika dakika yake ya kilugha. Ilipokwisha, wageni wakasema maji, wakaaga mapema. Habari za kiwandani zilikwisha kuzunguka mtaa mzima, na watu hawapendi kukaa pale wenye nyumba wanapotazamana.

Mama hakuitoa simu.

"Wewe," alisema, bila kumtazama. "Huwa unaelewa anachosema hapo?"

"Naelewa, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mama alilishika bakuli kwa mikono miwili.

"Miaka minne," alisema. "Miaka minne nakaa hapa kama mjinga, nasikiliza mwanangu asiyeeleweka, nafurahia kelele. Na wewe umekaa mlangoni hapo, unaelewa."

"Hukuniuliza, Mama."

"Ningeuliza mikono?" Akalisukuma bakuli hadi upande wa pili wa meza. "Sauti zake zote zimo humu. Sijafuta hata moja. Anza na ya kwanza."

Bisibisi alivuta kiti, akakaa mezani. Alitafuta mwanzo kabisa, Jumapili ya kwanza ya mwaka wa kwanza, akabonyeza. Aliikumbuka: makosa kumi na moja. Ndicho kitu pekee alichokikumbuka. Sauti ya Kasuku ikatoka, changa, ya haraka haraka, na Bisibisi akajikuta anayapita makosa kama mtu anayevuka mawe mtoni, mpaka akafika yalikokuwa yanakwenda. Akabonyeza isimame.

"Mbona umesimamisha? Anasemaje?"

Angeweza kusema kwamba anasema baridi ni kali. Mama asingejua kamwe.

"Anasema: Dada, huyu ni mimi, nakusemesha wewe, maana wengine hawaelewi." Alitafsiri polepole, kidole juu ya simu. "Anasema: nusu ya ninayoambiwa siielewi, na wananicheka nikifungua kinywa, kama walivyokucheka wewe. Anasema: Dada, niandikie. Usimwambie Mama."

Mama alifunga khanga yake vizuri mabegani. Nje mtu alikuwa akigonga bati.

"Endelea," alisema.